84 Badala ya 85: Jinsi Hukumu za Gemu Zilivyogeuka Pesa, Kazi na Vita

Kabla hujajua Metacritic ni nini, kitaani kwenu tayari kulikuwa na mhakiki: mwenye kibanda cha PS. CD mpya ikiingia, wana wanaijaribu siku mbili tatu. Kama pedi hazigombewi, keshokutwa CD imerudi kwenye kava lake na Winning Eleven imerudi kwenye skrini. Hakuna nyota, hakuna alama, hakuna aya kumi za maelezo. Jero ndiyo ilikuwa inaongea, na jero haina unafiki.

Nje ya kitaa, hukumu zilikuwa zinaandikwa. Leo nataka tuifuate hiyo historia, maana ile namba unayoiona pembeni ya jina la gemu ukiwa unasaka cha kupakua imeshawahi kuwanyima watu bonasi, imeshachangia mtu kufukuzwa kazi, na imeshageuzwa fimbo ya kuchapia watu wasiohusika. Majina ya wahusika nayaacha pembeni. Wengi wao siyo mastaa, na stori inaeleweka hivyo hivyo.

Tuanzie Japani. Mwaka 1986 lilizaliwa jarida ambalo leo tunalijua kama Famitsu. Utaratibu wake ukawa maarufu: gemu moja inapewa wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama juu ya 10, zinajumlishwa juu ya 40. Jamaa walikuwa wabahili balaa. Gemu ya kwanza kupata 40 kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Miaka 12 nzima hakuna aliyepata zote! Lakini mimi nilichokipenda kwenye ule utaratibu siyo ubahili. Ni kwamba ulikuwa unaona wazi wamegawanyika. Mmoja kampa 9, mwenzake aliyekaa naye ofisi moja kampa 6, na wewe msomaji unaamua unafanana na nani.

Mwaka 2001 Metacritic ikaingia na kuchukua hukumu za wahakiki wengi, ikazitia kwenye chungu kimoja na kutoa namba moja juu ya 100. Tena siyo wastani wa kawaida ule wa darasani. Baadhi ya wahakiki wanapewa uzito kuliko wengine, na uzito wenyewe hautangazwi. Namba ikapewa na rangi kama taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Sasa angalia hiki kituko. Filamu ikipata 61 inapewa kijani. Gemu haiipati kijani mpaka ifike 75. Yaani gemu ya 70, ambayo shuleni ungeipelekea mama ukitegemea soda, huku inawashiwa taa ya njano na watu wanaanza kuiita takataka.

Na namba ikishakuwa moja, mabosi wanaielewa haraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka.

Oktoba 2010 ilitoka Fallout: New Vegas. Iliyoitengeneza ni studio ya Obsidian ya California, kwa niaba ya Bethesda wenye jina la Fallout. Mwaka 2012 mmoja wa wamiliki wa Obsidian akaeleza mtandaoni jinsi dili lilivyokuwa: malipo ya mara moja tu, hakuna mrabaha kwenye mauzo, na bonasi ingetoka kama gemu ingefikisha 85 Metacritic.

Ikapata 84.

Pointi moja, mtu wangu. Kwa haki, New Vegas ilitoka na hitilafu za kutosha, na wahakiki walioipunguzia alama kwa ajili hiyo hawakuonea mtu. Ila fikiria mhakiki mmoja tu kati ya makumi, ambaye siku ile aliamka na mafua, akatoa 7 badala ya 8. Hajui kwamba kuna mkataba unasubiri kalamu yake. Yeye alidhani anamwambia msomaji kama gemu ni nzuri, kumbe anasaini hundi ya watu asiowajua. Leo uliza wapenzi wa Fallout ni ipi kali kuliko zote, wengi watakutajia hiyo hiyo New Vegas. Bonasi haikurudi.

Upande wa pili wa meza nako hakukuwa salama. Novemba 2007 mhakiki mmoja mkongwe wa GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 juu ya 10. Hata siyo tusi, ni "kawaida". Tatizo, tovuti yenyewe wakati huo ilikuwa imepambwa na matangazo ya Kane & Lynch. Jamaa akafukuzwa. Wenzake kadhaa wakaondoka pia, na mwaka 2008 akaanzisha tovuti yake. Ilichukua mpaka 2012, alipoweza kuongea kwa uhuru, kueleza hadharani kwamba uongozi wa wakati ule ulikuwa umetikiswa na hasira za wenye pesa za matangazo. Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na hakiki iliyojaa sifa tupu, ya gemu au hata ya simu, chungulia kwanza tangazo lililokaa pembeni yake.

Baada ya hayo ilikuwa lazima watu waseme: basi tuhukumu wenyewe. Mwishoni mwa 2013 Steam, lile soko kubwa la gemu za kompyuta, likaruhusu wachezaji waandike hakiki zao. Hakuna juu ya 10 wala juu ya 100. Swali ni moja tu, unampendekezea mwenzako au humpendekezei? Kidole juu au kidole chini. Tena pembeni ya hakiki yako inaandikwa umecheza saa ngapi, kwa hiyo ukimponda mtu kwa aya nane wakati umecheza dakika 12, kila mtu anaona. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kilichofanana zaidi na kibanda cha PS.

Na umma ulipopewa rungu, ulilitumia. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Konami ilitoa eFootball 2022. Kwa wasomaji wa hapa sina haja ya kueleza uzito wake: hii ndiyo mrithi wa PES, na PES ndiyo mrithi wa Winning Eleven. Hii ni damu yetu kabisa. Ilikuwa bure, watu wakaishusha kwa shauku, wakafungua, wakakutana na sura za wachezaji zilizovimba kama wameng'atwa na nyuki, mikono inajikunja kinyume, mpira unatembea kwa akili zake. Ndani ya siku moja picha zimejaa kila kona ya mtandao. Hakiki za Steam zikaporomoka mpaka ikawa gemu yenye hukumu mbaya kuliko zote zilizokuwa pale. Konami wakaomba radhi. Wahakiki wa kulipwa nao waliiponda, sawa, lakini kusema kweli walifika msibani watu wameshazika.

Haikupita miezi miwili, tarehe 11 Novemba, ikaja ile ya GTA. Gemu tatu za zamani, GTA III, Vice City na San Andreas, zikafungwa kifurushi kimoja kwa jina la Definitive Edition, zikiwa "zimeboreshwa". Mvua ilikuwa inanyesha kama nyuzi nyeupe, huoni unapoenda. Maandishi kwenye mabango yamekosewa. Nyuso za watu zimekuwa kama plastiki iliyoachwa juani. Wahakiki wakatoa alama za katikati kushuka chini, ila wachezaji ndio waliochinja kabisa, wakaipeleka chini ya 1 juu ya 10. Rockstar wakaomba radhi na kuzirudisha zile za asili kwenye soko lao la kompyuta. Kwa nini hasira ilikuwa kubwa hivyo? Kwa sababu San Andreas siyo gemu tu. Kuna watu Kiingereza chao cha kwanza walikipata kwa CJ, na namba za siri za kuita kifaru mpaka leo wanazo kichwani kuliko namba za NIDA.

Sasa tufike kwenye kesi ambayo mimi naiona ndiyo funzo kubwa kuliko zote, Cyberpunk 2077. Studio ya CD Projekt Red ya Poland iliitangaza mwaka 2012. Ikaahirishwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka tarehe 10 Desemba 2020. Watu milioni 8 walikuwa wameshailipia kabla haijatoka. Siku chache kabla, hakiki zikashuka: wahakiki wanaisifia, alama juu ya 85. Safi, si ndiyo?

Kumbe wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake. Matoleo ya PS4 na Xbox One hawakupewa. Na kwenye video zao za mwanzo hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe, watumie zile za kampuni tu. Yaani shahidi anaitwa mahakamani, anaambiwa ongea, lakini picha za tukio tutakuletea sisi. Gemu ilipotoka, mwenye PS4 ya kawaida akakuta inaganda, inazima, magari yanaota hewani. Tarehe 14 Desemba kampuni ikaomba radhi. Tarehe 17, Sony wakatangaza kuiondoa kabisa kwenye duka la PlayStation na kurudisha pesa za watu. Gemu kubwa kiasi kile kutolewa dukani wiki moja baada ya kutoka, hiyo ilikuwa haijazoeleka. Ikarudi Juni 2021.

Wahakiki walidanganya? Hapana, walieleza walichokiona. Lakini hukumu ya mtu aliyeonyeshwa nusu ya ushahidi inabaki kuwa nusu ya hukumu, na wengi walikuwa na nafasi ya kuandika kwa herufi kubwa "toleo la PS4 hatujapewa" wakaiweka sentensi hiyo chini kabisa, au hawakuiweka.

Halafu stori ikageuka. Septemba 2023 yakaja maboresho makubwa ya 2.0 pamoja na nyongeza ya Phantom Liberty, na mwaka huo huo kwenye The Game Awards Cyberpunk ikachukua tuzo ya gemu bora inayoendelea kuboreshwa. Tuzo hiyo hiyo mwaka 2020 ilikuwa imekwenda kwa No Man's Sky, ambayo ilipotoka Agosti 2016 ilitukanwa dunia nzima kwa kuahidi mambo yasiyokuwemo, na studio ndogo ya Uingereza iliyoitengeneza ikajifungia kimya ikaipika upya kwa miaka, bila kudai hela ya ziada kwenye maboresho. Watu wanapenda sana hizi stori za kufufuka. Na mimi nazipenda, ila nina neno. Mabosi nao walikuwa wanaangalia. Walichokiona ni kwamba unaweza kuuza kitu kibichi, ukatukanwa, ukakipika baadaye, na mwisho ukapewa tuzo. Anayelipia mapishi hayo ni mteja wa siku ya kwanza. Na mteja wa huku kwetu analipa mara mbili, maana kila apdeti ni gigabaiti makumi, na bando halirudishwi hata kama Sony wamerudisha hela.

Umma nao usijifanye malaika. Juni 19, 2020 ilitoka The Last of Us Part II. Wahakiki waliipa alama juu ya 90. Hadithi yake tu inataka saa zaidi ya 20 kuimaliza. Lakini ndani ya saa chache tangu itoke, Metacritic ilikuwa imeshajaa maelfu ya alama za 0. Wameimaliza saa ngapi? Hawakuimaliza. Sehemu ya stori ilikuwa imevuja miezi miwili kabla, wengine wana uchungu na kilichompata mhusika wanayempenda, wengine wana shida zao na kuona wanawake na mashoga kwenye gemu. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka utaratibu kwamba mchezaji asubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo atoe alama. Kibanda cha PS hakijawahi kuhitaji sheria hiyo, kwa sababu pale huwezi kuiponda CD ambayo hujaigusa, watakucheka.

Lakini kuna wikiendi moja ambayo umma ulipiga na ukapiga sawasawa, na hii inatuhusu moja kwa moja. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024, kazi ya studio ya Arrowhead ya Sweden chini ya Sony. Gemu tamu, mnaingia watu wanne mnapambana na wadudu wa sayari nyingine, na silaha yako inamuua rafiki yako vilevile. Ikauza nakala milioni 12 ndani ya wiki 12. Tarehe 3 Mei, Sony wakatangaza kwamba mchezaji wa kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network, la sivyo hachezi.

Wazungu wengi walilalamika kwa sababu ya usumbufu na usalama wa taarifa zao. Sisi tatizo letu lilikuwa kubwa kuliko hilo. PlayStation Network haipo rasmi Tanzania. Haipo Kenya. Haipo Uganda. Ukifungua akaunti hapa, nchi yako haimo kwenye orodha, ndiyo maana nusu ya kitaa ni "raia" wa Marekani au Afrika Kusini kwenye PS zao. Na kwa masharti ya Sony, kudanganya nchi ni kosa. Kwa hiyo mtu aliyenunua gemu kihalali, kwa hela yake, anaambiwa akaunti anayotakiwa kuwa nayo haruhusiwi kuwa nayo. Steam ikaiondoa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170.

Ndani ya wikiendi moja zikamwagika hakiki hasi zaidi ya 200,000. Gemu yenyewe haikuwa mbaya, na waandishi wa hizo hakiki walikuwa wanasema hivyo hivyo: gemu kali, usinunue. Tarehe 6 Mei Sony wakafuta mpango. Arrowhead, kwa utani wao, wakabuni joho la kuvaa ndani ya gemu lenye mchoro wa grafu ya zile hakiki zilizoshuka. Sherehe kubwa, kila mtu kashinda. Ila soma mwisho wa stori: sharti la akaunti lilifutwa, lakini mwaka huo nchi nyingi kati ya zile zilizofungiwa ziliendelea kufungiwa. Waliopiga kelele wakaendelea kucheza. Sisi tuliotolewa mfano kwenye kelele tukabaki nje ya geti.

Kuna hukumu nyingine ambazo hata hazihitaji maneno. Agosti 23, 2024 Sony walitoa Concord, gemu ya kupigana kwa timu iliyopikwa kwa miaka kama minane, bei dola 40. Wahakiki hawakuitukana, waliipa alama za katikati. Wachezaji hawakuishambulia. Hawakuja tu. Kwenye Steam, idadi ya juu kabisa ya waliocheza kwa wakati mmoja ilikuwa 697. Septemba 6 ikazimwa, pesa zikarudishwa, na Oktoba studio ikafungwa.

Mwaka huo huo jamaa mmoja wa Kanada, ambaye jina lake halisi na sura yake hakutaka zijulikane hata gemu yake ilipokuwa gumzo la dunia, alitoa Balatro. Ni karata, na aliijenga peke yake. Kufikia Januari 2025 imeuza nakala milioni 5. Ila mahakama ya ajabu kuliko zote ilimfuata: PEGI, wanaopanga umri wa gemu Ulaya, wakaitoa kwenye umri wa miaka 3 wakaipeleka 18, kisa ina picha za poka, ingawa hakuna unapoweka hela yako hata senti. Maduka mengine yakaiondoa kwa muda. Wakati huo huo EA Sports FC, ambayo mtoto anaweza kutumia hela halisi kununua pakiti za wachezaji bila kujua atamkuta nani ndani, ilikuwa na alama ya 3. Jamaa akatania kwamba labda aongeze kamari ya kweli ili ateremshiwe umri. Februari 2025 wakaishusha mpaka 12.

Nimalizie na moja ambayo nadhani haikutendewa haki, na ni yetu zaidi ya zote nilizotaja. Aprili 23, 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU. Aliyeiongoza ni mwigizaji aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wa Kenya, na aliitengeneza kwa uchungu wa kumpoteza baba yake. Ndani yake kijana Zau, mganga, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Vinyago, rangi, ngoma, hadithi za Wabantu. Na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili! Siyo maandishi tu, watu wanaongea.

Wahakiki waliipa alama za sabini na kitu. Wakasifu hadithi na michoro, wakasema mapigano yanajirudia na njia ni nyepesi kwa waliozoea gemu za aina hiyo. Sibishi, kimchezo wako sahihi. Lakini kumbuka ile taa ya njano. Gemu ya dola 20 yenye alama hizo, kwenye mwaka uliojaa magemu makubwa, inapita kama daladala isiyosimama kituoni. Juu ya hapo ikashambuliwa mtandaoni na watu ambao shida yao ilikuwa rangi ya waliomo, na kiongozi wa studio alilazimika kutoka hadharani kulisemea hilo. Julai, hata miezi mitatu haijaisha, studio ikatangaza kupunguza wafanyakazi.

Katika hakiki zote za Kiingereza nilizosoma, karibu zote zimepima inavyorukwa na inavyopigwa. Sauti za Kiswahili zinapewa sentensi moja ya pongezi kisha wanaendelea, kwa sababu aliyeandika hawezi kujua kama Zau anaongea kama mtoto aliyefiwa au kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hilo ni sisi tu tunaoweza kulihukumu. Ipo PS5, Xbox, Switch na kompyuta. Aliyeimaliza kwa Kiswahili aje hapo chini kwenye maoni atuambie, ile sehemu Kalunga anapoongea, lugha imekaa au haijakaa?